Unaenda Oman? Mwongozo kamili wa lugha na desturi kwa msafiri anayeongea Kiswahili

Hii naiandika kwa mtu anayekwenda Oman kutembea, iwe Muscat siku chache, iwe Nizwa na milimani, iwe Salalah msimu wa mvua, na hasa kwa wewe ambaye Kiswahili ndio lugha yako ya kila siku. Miongozo mingi ya Oman imeandikwa kwa Mzungu, inaanza kumfundisha kwamba kula ni kwa mkono wa kulia. Wewe hilo ulishafundishwa na bibi yako. Shida yako ni nyingine kabisa, unafika kule unasikia maneno kama ya kwenu, unaona sinia, unaona kanzu na kofia, unajiachia ukidhani kila kitu ni kilekile, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Kwahiyo yale unayoyajua nitayapita haraka, nitakaa sana kwenye yale yanayofanana na ya kwetu ila siyo.

Hatua ya 1: Panga siku na begi kabla hujakata tiketi

Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, imekuwa hivyo tangu 2013, kabla ya hapo ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumapili ni siku ya kazi kama kawaida. Ijumaa asubuhi mji umelala, maduka mengi yanafunguliwa baada ya swala au jioni kabisa, na hata siku za kawaida maduka madogo yanafungwa mchana kuanzia kama saa saba hadi saa kumi, watu wanakimbia joto, halafu yanafunguliwa tena mpaka usiku. Ukipanga kwenda kununua zawadi soko la Mutrah saa nane mchana utakuta milango imefungwa tu.

Angalia pia kalenda ya Ramadhani, maana inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mchana wa Ramadhani kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kosa la kisheria, na sheria haiulizi wewe dini gani. Hata chupa ya maji unayoinywa ndani ya gari kwenye foleni, iache. Usiku sasa ni raha, mji unachangamka mpaka usiku wa manane, kwahiyo sikushauri uikwepe Ramadhani, nakushauri ujue unaingia kwenye nini.

Kwenye begi, jambo moja la kulisema wazi: miraa usithubutu. Kwetu unaweza kuona ni kitu cha kawaida barazani, Oman ni dawa ya kulevya, na kifungo chake ni cha kweli. Usikubali pia kubeba kifurushi cha mtu ambacho hujakifungua ukakiona ndani. Dawa kali za maumivu, zile zenye kodini au tramadoli, beba na cheti cha daktari zikiwa kwenye boksi lake.

Nguo siyo kazi ngumu. Dada, hulazimiki kufunika nywele barabarani, ila mabega, kifua na magoti yafunikwe, na mtandio mkubwa uwe kwenye mkoba muda wote, utakusaidia msikitini, kwenye kiyoyozi na ukialikwa nyumba ya watu ghafla. Kaka, kaptula ni ya hotelini na ufukweni, mjini vaa suruali. Kanzu yako ya kwenu ni sawa kabisa, tena inapendeza. Wao wanaiita dishdasha, ina kishada kidogo shingoni ambacho hutiwa manukato, na kile kisu cha jambia wanakiita khanjar, utakiona hadi kwenye bendera ya nchi. Mtu akiwa amekivaa usikiguse, hata kama umevutiwa namna gani.

Hatua ya 2: Salamu kwanza, na usiikimbize

Hapa ndipo safari nzima inapoamuliwa. Mwomani hakurukii kwenye shida yake, na wewe usimrukie. Ukiingia dukani, ukifika mapokezi, ukisimamisha mtu kuuliza njia, anza na "Assalamu alaykum" kamili, hata kama wewe ni Mkristo, hakuna atakayeona ajabu. Atajibu "Wa alaykumu ssalam". Halafu kuna raundi ya pili: "Kif halak?" kwa mwanaume, na kwa mwanamke utasikia "Kif halish?", hiyo sh mwishoni ni ya Kiomani chenyewe. Jibu ni "Bikher, alhamdulillah", kisha na wewe unamrudishia, "wa enta, kif halak?", na kwa mwanamke "wa enti". Ndio sasa unasema kilichokuleta.

Mtu wa pwani hili ataliona jepesi maana na sisi salamu zetu ni ndefu. Ila kuna mtego. Sisi tunaulizana hali za watu kwa majina: mama watoto hajambo, dada yako kapona? Oman mwanaume hamuulizi mwanaume mwenzake habari za mkewe au dada zake namna hiyo. Uliza "Kif al-ahl?", yaani hali ya familia kwa jumla, basi, hapo umeuliza wote kwa heshima. Hata kama mmeshazoeana na umeshakula kwake mara kadhaa, shika hilohilo.

Kushikana mikono: mwanaume kwa mwanaume ndiyo, mkono wa kulia, na wengi wanaupeleka kifuani baada ya hapo. Mwanaume na mwanamke, subiri. Mwanamke akiunyoosha mkono wake mpokee, asiponyoosha weka kiganja chako kifuani, inamisha kichwa kidogo, salamu imetimia na hakuna aliyeaibika. Vivyo hivyo dada ukisalimiana na mwanaume wa Kiomani asiponyoosha mkono, siyo dharau, anakuheshimu kwa namna yake. Utaona wanaume, hasa wa bara na jangwani, wanagusanisha pua. Hiyo waachie wenyewe.

Mzee muite "ammi", mwanamke mtu mzima "khalti", rika lako "akhi" au "ukhti". Ukimsifia mtoto au nyumba anza na "Mashallah". Na usisifie kitu kimoja cha mtu kupita kiasi, ukikomaa na kile chetezo chake kizuri anaweza kuona anatakiwa akupe.

Hatua ya 3: Maneno yanayokuangusha

Utashangaa Kiarabu unachokijua bila kujua kwamba unakijua. Kahawa, sukari, samaki, sahani, dawa, kitabu, dakika, safari, lakini, ghali, nusu, robo: tamka karibu na hivyo na watu wanakuelewa. Ukitaka nusu kilo ya tende sema "nuss kilo", robo ni "rubo". Shida ni yale maneno yenye sura ya ndugu lakini tabia tofauti.

Kubwa zaidi ni tafadhali. Sisi tunaitumia kuomba. Kule "tafaddal" (kwa mwanamke "tafaddali") ni neno la mwenyeji: karibu, pita, chukua, kula. Ukimwendea muuzaji ukamwambia "tafaddal, maji" ni kama unamkaribisha yeye kwenye maji yake. Ukiomba sema "lau samaht", kwa mwanamke "lau samahti". Na wakikuambia "tafaddal" huku wanakuonyesha kiti, ujue umekaribishwa, kaa.

Sawa nayo inaponza. Kule "sawa" ni pamoja, "nruh sawa" ni twende pamoja. Kukubali tumia "tayyib", "zen" au "tamam". Kukataa ni "la", na ili isiwe kavu sema "la, shukran", ukiweka na mkono kifuani.

Rafiki, hili nakuomba ulishike. Nchi za Ghuba neno "rafiq" limeshakuwa namna ya kuwaita vibarua wa kigeni, mara nyingi kwa kuwashusha. Unaweza kumwita dereva au mhudumu hivyo kwa upendo kabisa, akaumia moyoni. Sema "akhi" au "sadiqi".

Samahani inakubali, ila wao wanaibadilisha kwa mtu, "samahni" kwa mwanaume na "samahini" kwa mwanamke. Na mengine ya kushika ni machache tu: "wen" ni wapi, kwahiyo "wen al-hammam?" choo kiko wapi, "mumkin" ni inawezekana, "bas" ni basi, imetosha. Njia: "yamin" kulia, "yasar" kushoto, "sida" nyoosha moja kwa moja. Shukrani "shukran" au "mashkur", kuaga "maa salama". Ukizidiwa kabisa, "ma atkallam arabi", halafu jaribu Kiingereza, kinatumika sana mjini, na madereva na wauza maduka wengi ni watu wa India, Pakistan na Bangladesh ambao Kiarabu chenyewe wanakiokoteza kama wewe.

Hatua ya 4: Namba, saa, siku na pesa

Makumi na mamia unayo tayari: ishrin, thalathin, arbain, khamsin, sittin, sabin, thamanin, tisin, mia, alf. Wazee wa pwani waliokuwa wakihesabu "hamsa ishirini" kwa 25 wana kila kitu, maana Kiarabu kinataja mamoja kwanza, "khamsa wa ishrin". Moja hadi kumi: wahid, ithnen, thalatha, arbaa, khamsa, sitta, sabaa, thamaniya, tisaa, ashara. Hiyo kh itoe kooni.

Sasa saa, na hapa kaa macho kweli. Sisi siku yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, wao wanahesabu kama saa za kwenye simu. Dereva akikuambia "as-saa sitta" asubuhi anamaanisha saa kumi na mbili asubuhi yetu, siyo saa sita. Masikio yako yatasikia "saa sita", kichwa kitatulia, utatokea mchana gari limeshaondoka alfajiri. Dawa yake ni ndogo, kila miadi mwonyeshe mtu saa kwenye simu, mkubaliane kwa macho.

Siku nazo hivyohivyo. Wao wanaanza Jumapili kuwa ya kwanza: al-ahad Jumapili, al-ithnen Jumatatu, ath-thulatha Jumanne, al-arbia Jumatano, al-khamis Alhamisi, al-juma Ijumaa, as-sabt Jumamosi. Ukisikia "thulatha" ukadhani ndio tatu ya Jumatatu, umewahi siku nzima. Alhamisi na Ijumaa tu ndizo haziwezi kukupoteza.

Pesa ni rial, na rial moja ni baisa 1000, siyo 100. Rial moja ni kama dola 2.60 za Marekani, kwahiyo ni pesa nzito. Muuzaji akikuambia "khamsmia", mia tano, ni baisa 500, nusu rial, siyo rial mia tano, usishtuke ukaondoka. Na kinyume chake, noti ya baisa 100 na ya rial 10 zisome kabla hujatoa, ukiwa na haraka teksini ni rahisi kuchanganya.

Hatua ya 5: Kiswahili chenyewe, na adabu yake

Ndiyo, utakisikia. Muscat na eneo la Sharqiyah kuna familia nyingi zinaongea Kiswahili nyumbani, tena Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Karne ya 19 Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, watu wakaenda, wakaoa, wakazaa. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, wengi wakakimbia, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga. Wengi waliorudi walikuwa wamesoma Afrika Mashariki, wakaingia ofisini, mashuleni, hospitalini.

Kwahiyo namna ya kuingia ni hii: salimia kwa Kiarabu kwanza, umalize, halafu ukisikia lafudhi au mtu mwenyewe akakuuliza unatoka wapi, sema "Ana min Tanzania" au "Ana min Kenya", mwache yeye afungue mlango. Akiufungua, mpe shikamoo yake kama ni mtu mzima, utaona uso unavyobadilika. Usianze wewe kwa kumwangalia rangi na kumuuliza "wewe wa kwetu, sio?" Yeye ni Mwomani, na swali hilo linaweza kugusa mambo ya ukoo na asili ambayo watu wanayabeba kimya. Na 1964 usiichokonoe. Kuna mtu mbele yako aliyepoteza baba au nyumba. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe, wewe sikiliza, usibishane naye.

Jingine nalisema kwa dada zetu kwa sababu ni kweli na hakuna anayewaandaa. Wapo Waafrika Mashariki wengi wanaofanya kazi za nyumbani kule, kwahiyo unaweza kuulizwa unafanya kazi kwa nani. Jibu kwa utulivu, "Ana saiha", mimi ni mtalii (mwanaume "saih"), na weka viza na karatasi ya hoteli kwenye simu mahali pa kufungua haraka. Na viza ya utalii siyo ya kazi, atakayekuambia "njoo tu tutabadilisha" mkwepe.

Hatua ya 6: Ukialikwa kahawa

Utaalikwa, ukarimu wao siyo wa brosha. Vua viatu mlangoni. Wanaume watapelekwa sebule ya wageni, majlis, na wanawake mara nyingi upande wao, kwahiyo mkiwa mke na mume msishangae kutenganishwa, na dada ndiye mwenye bahati hapo, ataona nyumba ambayo mumewe hataiona. Ukiingia, salimia mmojammoja kuanzia kulia. Ukikaa chini kunja miguu, nyayo zisimwelekee mtu.

Kinachofuata ndicho cha kujifunza vizuri. Zinakuja tende au halwa kwanza, unaokota kwa mkono wa kulia, kokwa unaiweka pembeni kwenye kisahani. Halafu anasimama mtu, mara nyingi kijana wa nyumba, birika la dalla mkono wa kushoto, vikombe vidogo visivyo na mkono kwenye mkono wa kulia, anamimina funda mbilitatu tu chini ya kikombe. Usione kakunyima, kumimina kidogo ndio heshima, kahawa inabaki moto na yeye anabaki amesimama kukuhudumia. Ni chungu, haina sukari, ina iliki, utamu wake ni ile tende uliyokula. Pokea kwa kulia, kunywa, rudisha. Ukirudisha kimyakimya atamimina tena, na tena. Ukitosheka tikisa kikombe kushoto kulia mara mbili kwa vidole ukiwa unampa, ataelewa bila neno. Kimoja kabisa usikikatae, viwili au vitatu vinatosha.

Chakula kikija ni sinia, na adabu ya sinia unaijua, kula mbele yako, usivuke. Mwenyeji atakuwa anakusukumia minofu, kubali. Kisha chetezo kinazungushwa, ubani au udi, unajifukiza nguo kidogo, unapitisha kwa jirani. Hiyo ndio ratiba inakwambia muda wa kuondoka umekaribia, Waarabu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Atakuambia "kaa, bado mapema", mshukuru, aga, nyanyuka.

Hatua ya 7: Msikitini

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, ulifunguliwa 2001 na asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa tano. Ijumaa hapana. Mwanamke afunike nywele, mikono hadi kwenye kifundo cha kiganja, miguu hadi kifundo, na nguo isibane wala isionyeshe. Mwanaume suruali ndefu na mabega yafunikwe. Ndani kuna zulia moja lenye ukubwa wa mita 70 kwa 60, uzito wa tani 21, lilifumwa na wanawake wa Iran, wageni mnapita kwenye njia iliyotandikwa juu yake. Nenda mapema saa mbili ileile, ikifika saa nne mabasi ya watalii yamejaa. Misikiti mingine mingi haifungui milango kwa wasio Waislamu, itazame kwa nje.

Mwislamu mwenzangu, wewe ingia uswali popote. Utawaona Waibadhi, yaani watu wa madhehebu ya Kiislamu yaliyoenea Oman, wameteremsha mikono ubavuni bila kuifunga. Hakuna atakayekuuliza wewe unafungaje, Oman wanaswali safu moja, Ibadhi, Suni na Shia. Usiende kuanzisha darasa la fikihi.

Hatua ya 8: Sokoni, picha na mabonde

Mutrah unaruhusiwa kupunguziwa bei, ila kwa upole, baada ya salamu, "bikam hadha?", kisha "ghali shwayya" na tabasamu. Kurushiana maneno na kuondoka kwa hasira ili uitwe, hapana, haipendezi. Nizwa Ijumaa asubuhi mapema kuna mnada wa mbuzi, wauzaji wanawazungusha mbuzi duara huku wanunuzi wanaita bei. Usisimame kwenye njia yao, hiyo ni biashara ya watu. Picha omba, "mumkin sura?", mzee wa mbuzi mara nyingi atakubali. Wanawake wasiokujua usiwapige kabisa, na polisi, jeshi na vizuizi vya barabarani usielekeze hata simu.

Wadi Shab na Wadi Bani Khalid maji ni ya kijani kama kioo na vijiji viko palepale, watu wanachota, watoto wanaogelea. Ogelea na fulana na kaptula ndefu, dada na legingi, bikini iache hotelini. Kibao chekundu chenye neno "khatar" kisome kama hatari, maana ndiyo hiyohiyo. Mbingu ikiwa nyeusi milimani toka bondeni hata kama hapo ulipo hakuna tone, mafuriko yanashuka ghafla na yanaua watu.

Hatua ya 9: Mipaka ya sheria

Pombe inauzwa kwenye hoteli na migahawa yenye kibali, unywe hapohapo, kutoka nje umelewa ni kosa. Kubusiana hadharani ni kosa. Matusi na ishara za vidole barabarani zinaweza kukufikisha kituoni, dereva akikukatia mbele meza tu. Kumkashifu Sultan au dini, hata kwenye mtandao, ni kesi, na posti yako ya usiku hotelini inahesabika. Ukiwa na dharura namba ni 9999, polisi, ambulensi na zimamoto zote, wanaongea Kiingereza, taja kwanza mji na barabara uliyopo ndipo ueleze kilichotokea, na kama simu ina intaneti fungua ramani kabisa kabla hujapiga ili uwasomee jina la mahali.